Ungemkabidhi Mama Yako?

Kama kuna mahali binadamu anaweza kufa njaa huku ameshika sahani iliyojaa, basi ni kongamano la wauguzi tabibu na madaktari wasaidizi wa Missouri, saa ya chakula cha mchana. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili ya hoteli moja katikati ya jiji la Saint Louis. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya kugandisha maziwa yakiwa bado ndani ya ng'ombe. Watu mia kadhaa walisimama wima, sahani mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiachwa huru kwa kusalimiana, na hakuna aliyekula. Anayekula kapoteza nafasi. Mdomo ukijaa mkate, utajitambulishaje kwa mwenye kliniki anayepita?

Verlene Tolliver alisimama karibu na birika la kahawa. Koti lake la buluu iliyokolea lilipigwa pasi hadi mkunjo wa mkono ungeweza kukata kitunguu. Ndani alivaa blauzi nyeupe, chini sketi ya kijivu, na viatu vya kisigino ambavyo tangu asubuhi vilikuwa vinamla vidole kimoja kimoja. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na sura ya mtu uliyewahi kumwona kanisani akiimba sauti ya pili. Balaa lake lilikuwa kifuani: beji. Beji za wenzake zilikuwa na jina, na chini ya jina mahali pa kazi. Ya Verlene ilikuwa na jina, na chini yake weupe mtupu. Siku nzima alikuwa akiyaona macho ya watu yakishuka kutoka usoni pake, yakaukuta ule weupe, yakateleza pembeni.

Miaka kumi alikuwa muuguzi wa wodini. Akajisomesha mpaka akawa muuguzi tabibu, mwenye ruhusa ya kupima, kuutaja ugonjwa na kuandika dawa. Alidhani akishapata cheti milango itajifungua yenyewe. Milango ikamwuliza: unamjua nani? Maana Missouri, muuguzi tabibu hata awe na akili za kujaza pipa, hatibu mpaka apatikane daktari wa kutia sahihi kwamba atashirikiana naye. Na daktari gani atatia sahihi kwa mtu asiyemjua? Sasa mwaka tangu apate cheti ulikuwa unakaribia kuisha, na waajiri wa kazi ile humtazama mtu aliyekaa mwaka bila kutibu kama mkate wa juzi. Si kwamba umeoza, ila nani auanze?

Ndipo mtu akamkanyaga mguu.

"Ee Mungu wangu! Samahani sana, dada. Nimekuumiza?"

"Hapana. Hicho kidole kilishakufa tangu asubuhi. Umemkanyaga marehemu."

Mwanaume akaangua kicheko mdomo ukiwa umejaa. Ndiyo, umejaa! Ukumbi mzima, yeye peke yake alikuwa anakula. Mrefu, mwembamba, pua ya kuongozea msafara, shati la rangi ya zaituni limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Beji yake ilisema Nermin Dugalić, daktari msaidizi, kitengo cha moyo.

"Haya, swali la mji," akasema akijifuta mdomo. "Ulisoma sekondari gani?"

Mtu wa Saint Louis hakuulizi dini wala kabila. Anakuuliza sekondari, na kabla hujafunga mdomo ameshajua mtaa wako, kanisa lako, na kama baba yako alikuwa na bustani mbele ya nyumba.

"Yangu imefungwa. Wameigeuza nyumba za kupangisha. Darasa la hesabu sasa ni bafu la mtu."

"Basi bado kuna watu wanalia humo."

Verlene alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akakumbuka kilichomleta. Akaunyoosha mgongo, akatabasamu kama alivyofundishwa, akamwaga hotuba yake ya nusu dakika: mimi ni fulani, nimefanya kazi wodini miaka kadhaa, nina moyo na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, natafuta nafasi kwenye kliniki ya familia.

Nermin alimsikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilidhani unataka kuniuzia friji."

"Wewe!"

"Hotuba ni nzuri. Ina kosa moja tu. Unaomba kazi. Mji huu kazi haiombwi, dada yangu. Unaomba dakika ishirini na kikombe cha kahawa. Unaomba ushauri. Mtu akiombwa kazi hukimbia. Akiombwa ushauri hukaa mpaka umfukuze."

Verlene alimtazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye ile pua. "Basi nipe dakika ishirini."

"Za nini?"

"Za ushauri, kaka. Kwani nimesema nini?"

Dakika ishirini hizo zilianza Jumamosi asubuhi katika mkahawa wa Wabosnia mtaa wa Bevo, na mpaka majani ya miti yanaanza kuanguka zilikuwa hazijaisha.

*

Nermin alifika Saint Louis akiwa na miaka saba, ameshikilia sketi ya mama yake, vita vya kwao Bosnia vikiwa nyuma yao. Mama huyo, Bi Hajra, alikuwa bado anaishi naye katika nyumba ya matofali mekundu, na alikuwa anatengeneza pita, mkate wa kwao wa mchicha wenye tabaka nyembamba kiasi kwamba, asemavyo Nermin, ungeweza kusoma gazeti ukilitazama kupitia humo. Siku Verlene alipoletwa nyumbani, Bi Hajra alimpakulia mara tatu bila kuuliza.

"Mama, ameshiba," Nermin alisema.

"Nani kakwambia? Wewe tumbo lake?" Akamgeukia Verlene. "Kula, mwanangu. Huyu atakufa bachela kwa sababu ya kuwahesabia watu matonge."

Ni Verlene aliyeona kwamba mzee anakanyaga kwa ubavu wa mguu. Akaomba autazame. Bi Hajra akakataa. Akaomba tena, akapiga magoti jikoni palepale, akamvua soksi. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda ambacho kisukari kilikuwa kimekificha kwa kuua maumivu. Alikiosha, akakifunga, akamshawishi mzee mpaka akakubali kupelekwa hospitali. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, Verlene alikuja na pamba na bandeji, na mguu wa Bi Hajra ukakaa mapajani mwake. Kidole kikapona.

"Roho yangu," Nermin alimwambia kwenye simu jioni moja, "mama anasema ukikawia kuja atajichoma msumari kusudi."

"Mwambie asijisumbue, laazizi. Nakuja hata bila kidonda."

"Kwa ajili yake au yangu?"

"Kwa ajili ya pita. Kwani wewe unajua kupika nini?"

"Mayai."

"Basi kwa ajili ya pita."

Lakini ucheshi huo ulikuwa kama kupaka rangi nyumba inayoungua. Kazi haikupatikana. Nermin alimfungulia kila mlango anaoujua. Verlene alikunywa kahawa na mkuu wa wauguzi, na daktari wa figo, na bibi mstaafu aliyemjua mtu anayemjua mtu. Alikunywa kahawa za ushauri nyingi hivi kwamba ungemchoma sindano ingetoka kahawa, maziwa na sukari pembeni. Wote walimsifu koti. Wote walimwambia, "Nitakukumbuka." Na Verlene alirudi kwenye nyumba ya kulelea wazee ya upande wa kaskazini alikoshika zamu za muuguzi wa kawaida, akawageuza wazee vitandani, mgongo ukimwuma, elimu yake mpya ikimchachia kichwani.

Na kila Alhamisi alipigiwa simu na Duane, wakala wa kutafutia kliniki wafanyakazi, kutoka Dakota ya Kaskazini.

"Dada Tolliver! Bado tuko. Kliniki ipo, nyumba ipo, na huku hatuhitaji sahihi ya daktari yeyote. Unatibu mwenyewe."

"Na upepo upo?"

"Sitakudanganya. Mke wangu alianika shuka Jumanne, tukaenda kuichukua kaunti ya pili. Lakini ilikuwa imekauka vizuri."

"Asante, Duane. Jibu ni lilelile."

Jibu lilikuwa lilelile kwa sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa na pua ndefu. Nermin asingeweza kuondoka Saint Louis. Bi Hajra alishasema neno lake: "Mimi nilihamishwa kwa bunduki. Sitahamishwa tena, hata kwa maua." Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama maji ya kisima: Verlene apate kazi jijini, au ampoteze Nermin.

Kulikuwa na sharti moja tu, na sharti lilikuwa la Verlene. "Mtu asijue tuko pamoja," alisema. "Sitaki mtu aseme kazi nimeipatia kitandani. Ukinitambulisha, mimi ni mtu uliyekutana naye kongamanoni. Basi."

"Hata akiuliza?"

"Hata akiuliza. Niapie."

"Verlene..."

"Niapie, kipenzi."

Akaapa.

*

Daktari Kathleen Brinkmann alikuwa na kliniki ya familia mtaa wa Dogtown. Mama wa miaka sitini, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo, sauti ya mtu aliyezoea kuwafokea wagonjwa wanaovuta sigara. Nermin alifanya kazi chini yake miaka minne kabla ya kuhamia kitengo cha moyo, na mama yule alimwamini kuliko alivyouamini mkono wake mwenyewe.

Kahawa ya dakika ishirini ikawa saa nzima. Saa nzima ikawa mahojiano. Baada ya mahojiano, Daktari Brinkmann alimpitisha Verlene kliniki nzima, akamfungulia chumba kidogo chenye dirisha linalotazama duka la maua.

"Hapa utakaa wewe," alisema. "Kile kiti kinalia ukikikalia. Tutakibadilisha."

Verlene alikikalia, nacho kikalia kweli, naye akaona ni sauti tamu kuliko kinanda cha kanisani. Alimpigia Nermin akiwa bado ndani ya gari, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Amesema 'utakaa'! Hakusema 'ungekaa'!"

"Nilikwambia! Nilikwambia, malkia wangu! Mama! Mama, Verlene ana kiti!"

Siku nne alikaa kama mtu aliyebebeshwa mayai. Siku ya tano barua pepe ikaja, ya mistari miwili. Tunakushukuru. Tumeamua kuendelea na mwombaji mwingine.

Aliisoma akiwa ameegemea toroli la shuka chafu. Akaisoma tena, kana kwamba maneno yangemwonea haya yabadilike. Halafu, kwa kuwa alishafundishwa, hakuomba kazi wala hakulalamika. Alipiga simu kliniki, akaomba dakika chache za ushauri.

Daktari Brinkmann alikohoa. "Bibi Tolliver, mimi si mkatili. Ulinipendeza sana."

"Basi nisaidie nijue, daktari. Nilikosea wapi? Ili nisikosee tena."

"Hukukosea kwangu. Unaijua kazi yetu. Hakuna mtu siku hizi atakayemsema mwenzake vibaya, wote wanaogopa mawakili. Kwa hiyo mimi huuliza swali moja tu: ungemkabidhi mama yako? Halafu sisikilizi jibu. Nasikiliza kinachotangulia jibu. Mtu niliyemwuliza juu yako ni mtu ninayemheshimu. Na alinyamaza."

"Alinyamaza?"

"Alinyamaza, kisha akasema ndiyo. Mimi nina wagonjwa, bibi. Sina nafasi ya ndiyo ya namna hiyo."

Verlene hakuuliza ni nani. Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani.

*

"Ulinyamaza muda gani?"

Nermin alikuwa kazini, nyuma yake mashine za moyo zikilia tii, tii. "Unasemaje, roho yangu?"

"Usiniite roho. Brinkmann alikuuliza kama ungenikabidhi mama yako. Ulinyamaza. Nataka kujua muda gani."

Kimya.

"Ehe," Verlene akasema. "Kama hivyo?"

"Verlene, nisikilize. Pumzi mbili. Hazikuzidi pumzi mbili. Aliniuliza, nikamwona mama kwenye kiti cha jikoni, mguu wake uko mapajani mwako. Jibu lilikuwa mdomoni: nimeshamkabidhi, kila Jumapili namkabidhi! Lakini nikilisema hilo nimesema yote. Atauliza, anafanya nini jikoni kwenu? Na wewe uliniapisha. Nikatafuta njia ya kusema kweli bila kuvunja kiapo. Nilipoipata, zilikuwa zimepita pumzi mbili."

"Na ukajua."

"Nini?"

"Wewe ni wa kazi hii, Nermin. Unajua kimya kinasema nini. Ulikata simu ukijua umeniua, halafu siku nne ukaniita malkia."

Ilikuwa kweli. Alijua. Aliomba tu kwamba Brinkmann hakukisikia kile kimya.

"Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti," Verlene alisema kwa sauti ndogo. "Kilikuwa kinalia, nami nilishakizoea." Akakata.

Majuma yaliyofuata Verlene aliishi kama nguo iliyosahauliwa kambani. Aliamka, alivaa, aligeuza wazee, alirudi. Kwaya ya kanisani alijitoa. Simu ya Nermin ililia mpaka ikachoka. Kilichomtafuna si hasira. Hasira ingempasha moto. Kilichomtafuna ni hesabu yake mwenyewe. Sharti lilikuwa lake. Kiapo alikidai yeye. Kiburi chake cha kutotaka kubebwa ndicho kilichomfunga mdomo mtu pekee aliyekuwa tayari kumbeba. Angemchukia Nermin angepona. Lakini kila alipojaribu kumchukia alijikuta yuko mwenyewe ndani ya kile kimya, mkono wake ukiwa umeuziba mdomo wa mwanaume.

Alasiri moja, zamu zikibadilishana, alitoka akamkuta Nermin ameegemea gari lake. Amekonda. Lile shati la zaituni limemvaa badala ya yeye kulivaa.

"Nipe dakika ishirini," Nermin alisema.

Verlene hakucheka, lakini hakuondoka.

"Nimetoka kwa Brinkmann. Nimemwambia yote. Kwamba nakupenda, kwamba mguu wa mama yangu uko mzima kwa ajili yako, kwamba nilinyamaza kwa kiapo."

Moyo wa Verlene ulinyanyuka, mpumbavu ule, kama mbwa aliyesikia jina lake. "Akasemaje?"

"Akasema nafasi ilishapata mtu tangu siku ileile ya barua. Halafu akavua miwani, akasema: kwa hiyo uliniletea mpenzi wako, ukanificha, nikakuuliza kama mdhamini na bado ukanificha. Akasema, sasa siwaamini nyote wawili. Na mji huu mdogo, Verlene. Anakunywa kahawa na kila mtu."

Lori la kuchukua shuka likaingia, likarudi nyuma likipiga king'ora chake.

"Kwa hiyo umekwenda kuzima moto kwa petroli," Verlene alisema.

"Ndiyo."

"Wewe mwanaume ni bingwa. Ukitumwa kuokoa mtu baharini utarudi umeipoteza bahari."

Nermin akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mwanaume mzima akafunika uso kwa mikono miwili hadharani, mbele ya wazee waliopangwa dirishani kwenye viti vya magurudumu. Verlene akamshika kichwa, akakilaza begani. Bibi mmoja dirishani akapiga makofi.

"Nisamehe," Nermin alisema.

"Nimeshakusamehe. Ndilo tatizo. Ningekuwa sijakusamehe ningeondoka vizuri."

"Kuondoka?"

"Duane alipiga Alhamisi," akasema. "Safari hii sikumpa jibu lilelile."

*

Jumapili alikwenda nyumba ya matofali mekundu, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Alivaa gauni la manjano la kanisani, na Bi Hajra alimpokea mlangoni kwa kumpiga begani kisha kumkumbatia, bila kueleza lipi lilikuwa la nini. Wakala. Mzee akaenda kulala na kipindi chake cha televisheni, akauacha mlango wazi kidogo, kama wafanyavyo wazee wanaosema hawasikii.

Nermin aliiweka kahawa mezani, kibirika cha shaba katikati yao. "Tuoane," alisema. "Si kwa pete kwanza, pete nitatafuta. Tuoane, ubaki. Mshahara wangu unatosha. Utaendelea kutafuta taratibu."

"Taratibu," Verlene alirudia. "Nikibaki, laazizi, nitakuwa nani? Nitageuza wazee mpaka mgongo ukatike. Cheti kitachacha kabisa. Na kila ukikaa kimya mezani, hata ukitafuta chumvi tu, nitazisikia pumzi zile mbili. Nitakuchukia polepole, bila wewe kujua siku yenyewe." Akamshika mkono. "Wewe njoo nami."

Nermin aligeuza macho kwenye ule mlango ulioachwa wazi. Humo ndani sauti ya televisheni ilishuka ghafla.

Verlene akauachia mkono wake, akajimiminia kahawa.

"Nina jambo la kukuomba," Verlene alisema hatimaye. "Ni baya. Dakota wanataka mdhamini mmoja aliyeniona kwa macho nikiwa na mgonjwa. Walimu wangu wa chuo wanatoa tarehe tu, hawasemi zaidi. Walionisimamia wodini zamani wote wamehama, na nyumba ya wazee hawadhamini mtu. Nimebakiwa na mtu mmoja."

Nermin alielewa. "Lini?"

"Daktari wa huko atapiga leo, akitoka kanisani. Nilimpa namba yako."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenyamaza."

Simu ikalia kahawa ikiwa bado ya moto. Nermin aliitazama, akamtazama Verlene, akaipokea, akaiweka mezani sauti ikisikika na wote. Daktari wa Dakota alikuwa mzee mwenye sauti ya pole, nyuma yake upepo ukinguruma kama lori. Aliuliza majina, aliuliza miaka. Kisha akasema, "Bwana Dugalić, mimi huwa nauliza kitu kimoja tu cha maana. Mzazi wako akiugua, huyu bibi..."

Verlene alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alijua, na Nermin alijua, kwamba pumzi mbili tu zingetosha. Asiseme uongo, asimseme vibaya, akohoe tu, atafute kijiko. Verlene angebaki Saint Louis. Angekuwa wake, akioza taratibu, lakini wake.

"Ndiyo," Nermin alisema, swali likiwa bado halijafika mwisho. "Ndiyo, daktari. Na nitakwambia kwa nini usiniamini: nampenda, nimemwomba tuoane dakika kumi zilizopita, na akija kwako mimi nabaki peke yangu. Sasa pima mwenyewe kama mtu wa namna hiyo ana sababu ya kumsifia. Mama yangu anatembea kwa sababu yake. Mchukue. Mchukue haraka, kabla sijabadili mawazo."

Upepo ulinguruma simuni. "Basi," mzee alisema taratibu, "pole sana, kijana wangu. Nitamchukua."

Simu ilipokatika, Verlene alikuwa amefunika mdomo. Chumbani televisheni ilizimwa kabisa, na Bi Hajra akasikika akipiga hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

*

Aliondoka asubuhi ya ukungu, gari dogo limeshindiliwa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Bi Hajra alimpa pita nzima ndani ya taulo, akamsomea dua masikioni, akarudi ndani kabla gari halijawashwa, maana alisema yeye haagani na mtu barabarani. Alishaagana na wengi mno barabarani.

Nermin aliinama dirishani. "Utarudi?"

"Mkataba ni miaka miwili."

"Sikuulizi mkataba."

"Najua, roho yangu." Akamgusa ile pua. "Niulize kitu kingine."

Hakuuliza. Walikubaliana jambo moja tu: atakapofika barabara kuu atampigia, na hakuna atakayekata. Hivyo ndivyo walivyoivuka Missouri na Iowa, yeye akiendesha, Nermin akiwa jikoni, kisha dukani, kisha kazini, simu mfukoni. Walitaniana. Wakanyamaza. Verlene alimsikia akimpima mtu moyo, akimwambia vuta pumzi, shikilia, toa. Alimsikia akigombana na mama yake kuhusu chumvi. Alimweleza mashamba, maghala ya nafaka, mbingu iliyokuwa inazidi kuwa kubwa mpaka ikawa haina adabu.

Siku ya pili, ndani kabisa ya Dakota, nyumba zikakoma, nguzo za simu zikaanza kupungua.

"Upepo ndio huo?" Nermin aliuliza.

"Ndio huo."

"Funga vioo, mpenzi."

"Nimefunga."

"Verlene, nilitaka kukwambia kwamba..."

Alisubiri. Akaongeza sauti, akaisogeza simu sikioni, akalisimamisha gari kando ya barabara isiyo na mtu. Hakukata yeye, wala hakukata Nermin. Mtandao ulikuwa umeisha tu, kama unavyoisha mahali pale. Verlene aliendelea kuishika kwa muda, akisema "halo, halo" kwa sauti ya chini, kisha akatia gia, kwa sababu kliniki ilikuwa inafunguliwa kesho yake saa mbili asubuhi na tayari kulikuwa na watu saba waliojiandikisha kumwona.